Sabuni ya Mama Agar

Ukitaka kumuudhi Mama Agar, mwambie sabuni imekwisha. Kwa miaka sita hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia, kwa sababu haikuwahi kwisha. Katika wodi ya watoto njiti ya hospitali moja ya misheni, upande wa Vulamba mjini Butembo, kulikuwa na chupa sita za sabuni ya maji, kila moja kando ya ndoo yake ya kunawia, na Mama Agar alizipitia kila asubuhi akiwa na bidoni la manjano la sabuni mkononi. Chupa ikipungua kidole kimoja, aliijaza. Ikipungua vidole viwili, aliuliza kwa ukali zamu ya jana ilikuwa ya nani.

Hakuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga deki na kufua, lakini hata daktari alipoingia alinawa kwanza, akamwonyesha viganja, ndipo akasalimia. Wazazi wapya aliwapokea mlangoni kwa somo lile lile: vua viatu, funga nywele, nawa mpaka kwenye kiwiko, nawa tena. Walimsifu sana. Naye sifa alizipenda, tusimfichie. Alizipokea huku akijifanya hasikii.

Ukali ule ulikuwa na sababu. Ebola ilipoingia Beni na Butembo, mdogo wake Lusenge aliugua akafa, na Mama Agar alishikilia jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumtoa: kwamba Lusenge aliupata ugonjwa katika zahanati ambako siku ile maji yalikuwapo lakini sabuni ilikuwa imekwisha. Alimzika akiwa amesimama mbali, nyuma ya kamba, bila kumshika hata mkono. Yeye mwenyewe alikuwa amemuuguza Lusenge siku mbili za mwanzo na hakupata hata homa. Basi pale nyuma ya kamba alimwahidi Mungu kwamba, kwa kuwa amebakizwa, popote atakapofanya kazi sabuni haitakwisha hata siku moja. Tangu hapo kila alipojaza chupa alisema kimoyomoyo, "Aksanti, Bwana." Chupa sita, aksanti sita, kila siku ya Mungu.

Sabuni yenyewe ilipikwa na akina mama wa kanisa lake. Ilikuja nzito, naye akaitia maji iongezeke, akaikoroga vizuri, akaimimina juu ya ile iliyobaki chupani. Mama gani wa Butembo hafanyi hivyo? Tunafanya hivyo na sabuni, tunafanya hivyo na mchuzi wageni wakizidi.

Mwezi wa tatu, watoto wakaanza kuugua.

Wa kwanza alipokufa watu walisema alizaliwa mdogo mno. Wa pili alikuwa Éphraïm, mmoja wa mapacha wa Bénie. Huyu Bénie alikuwa mkulima wa maharagwe kutoka kijiji cha karibu na Kasugho. Risasi zililia asubuhi moja akiwa shambani, akakimbia na mimba ya miezi saba, na safari ya pikipiki hadi Butembo ikamalizia kazi. Alijifungua wawili, Éphraïm na Shekinah, kila mmoja na kilo yake moja na ushei. Siku nane walikwenda vizuri. Bénie alikuwa mwanafunzi bora wa Mama Agar: alinawa mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, ndipo akakamua maziwa kikombeni na kuwapa wanawe kwa mpira mwembamba uliopita puani. Siku ya tisa Éphraïm akapoa mwili, akawa anasahau kupumua. Siku ya kumi alikufa.

Mama mkwe alipopigiwa simu alilia, kisha akasema neno ambalo ingekuwa heri angelimeza: kwamba maziwa ya mwanamke aliyekimbia risasi hugeuka yakawa sumu. Bénie akaamini. Tangu siku ile alikataa kukamua, akakataa hata kumweka Shekinah kifuani. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, mikono ameikalia, akimtazama binti yake kwa mbali.

"Maziwa yangu njo iliua Éphraïm," alimwambia Eliane, muuguzi mkuu wa wodi. "Huyu, hapana. Huyu mumuache aishi."

Eliane alimsihi asubuhi na jioni. Mtoto wa kiasi kile anahitaji maziwa ya mama yake na joto la kifua cha mama yake. Mengine yote ni kushikilia tu. Bénie alitikisa kichwa. Na wiki haijakwisha, Shekinah naye akaanza kupoa.

Hapo ndipo Hulda alipofika. Alikuwa binti wa Lubero, mtafiti katika maabara moja ya Beni, na kwa miaka kadhaa alikuwa akikifuatilia kijidudu kimoja kiitwacho Enterobacter. Damu ya Éphraïm ilikuwa imepelekwa kwake, na kijidudu hicho kilikuwa kimeota ndani yake. Sasa alikuja mwenyewe na kisanduku cha barafu na vijiti vya pamba. Alitoa matone machache ya damu ya Shekinah, kisha akaanza kupangusa wodi nzima: bomba, vitanda, mizani, mipira ya oksijeni, viganja vya wauguzi. Mama Agar alimfuata hatua kwa hatua, mikono kiunoni.

"Unapangusa nini pale? Pale nimepiga deki mara mbili tangu asubuhi."

"Najua, mama. Sitafuti uchafu. Natafuta kadudu."

"Kadudu gani?"

Hulda alikuwa mtu wa kueleza, na mtu wa kueleza akipata wa kumuuliza haoni tena saa. Aliweka kijiti chake kwenye kichupa cha maabara, akakifunga, akaegemea ukuta.

"Hii kadudu mi naijua tangu ku université. Niliendaka kuitafuta mu mashamba ya kwetu Lubero, ku mizizi ya maharagwe na viazi. Kule inasaidia, mama. Tulipaka mbegu nayo, viazi ikatoka mikubwa kupita ya majirani. Kuko batu bengine mbali kule banaitia mu mapipa makubwa, banailisha maji ya miwa, inabatolea gaz ya kuwasha moto."

"Donc ni kadudu muzuri."

"Ku shamba, ndiyo. Mu damu ya mutoto wa kilo moja, hapana."

Mama Agar alifikiri kidogo. "Na mu salle yangu inatafuta nini?"

"Njo hiyo nilikuja kuuliza."

Jibu lile lilimkera. Yaani wodi yake iwekwe kwenye orodha ya mashamba na mapipa! Akamshika Hulda mkono, akamvuta hadi kwenye ndoo ya kwanza.

"Pima na sabuni yangu. Andika ku karatasi yako kama ya Mama Agar iko safi. Halafu uende ukapime choo ya badaktari."

Hulda alicheka. Nani anapima sabuni? Vijiti vilikuwa vimebaki viwili, na alikusudia kwenda kupangusa tangi la maji huko nje. Lakini alikuwa amelelewa vizuri; mama wa umri ule akisema kitu humwachi amesimama. Alichovya kijiti chupani, akaandika namba. Mama Agar akataka na chupa ya pili, akachovya na hiyo. Hapo Mama Agar akarudi kwenye deki yake ameridhika kabisa.

Majibu yangechukua siku nne. Siku ya kwanza Shekinah alichomwa sindano ile ile wanayochomwa watoto wote, akapata joto, watu wakashukuru. Siku ya pili alifumbua jicho moja. Siku ya tatu akarudi rangi ya majivu, na Eliane akawa anamgusa unyayo kila baada ya dakika chache kumkumbusha kupumua. Mama Agar alifanya alichokijua: alizidisha sabuni. Akawaamuru akina mama wanawe mikono mara mbili zaidi, akajaza chupa asubuhi na mchana, akasema aksanti zake sita hata siku ile ambayo haikuwa na la kushukuria.

Siku ya nne Hulda hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kutoka Beni kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, akaingia moja kwa moja kwa daktari. Muda si muda daktari akatoka karibu anakimbia. Ile dawa waliyokuwa wakiitumia, kijidudu hiki huiinamia siku ya kwanza, na ya tatu kimeshaizoea. Kabla ya saa sita mchana Shekinah alikuwa amechomwa nyingine, amikasini, na Mama Agar aliyeyaona yote kupitia dirishani alimshukuru Mungu kwa kumleta msichana yule.

Alikuwa akianika mashuka nyuma ya jiko Hulda alipomfuata.

"Mama, tuikale chini kidogo."

"Semea papa hapa, mashuka yananingoja."

"Ni sabuni."

Mama Agar alicheka kwanza. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka.

"Bomba iko safi," Hulda alisema polepole. "Bitanda iko safi. Mizani, mikono ya ba-infirmières, yote. Zile chupa mbili za sabuni njo zimejaa kadudu. Na ni ile ile moja yenye iko mu damu ya Éphraïm na ya Shekinah."

"Sabuni inauaka vidudu. Ata mutoto wa primaire anajua."

"Ikiwa nzito, ndiyo. Ukiitia maji mingi, kadudu inakaa ndani bila wasiwasi. Na ile chupa, mama, haijakauka ata siku moja."

"Haijakauka juu sikuiacha ikauke!"

"Njo ile shida yenyewe," Hulda alisema, na macho akayaangusha chini.

Walikwenda pamoja, wakaichukua chupa ya kwanza, wakamwaga sabuni yote, jambo ambalo halikuwahi kufanyika tangu chupa ile iingie pale. Hulda akaipasua kwa kisu. Chini, kuzunguka kitako chote, kulikuwa na utando mweupe, mzito, wenye kuteleza. Mama Agar aliutia kidole kabla Hulda hajamzuia, akaunusa. Alikuwa akimimina shukrani zake juu ya kitu kile kwa miaka sita.

Aliona aibu, kisha hofu, kisha likaja lililo baya kuliko yote mawili: aliiona mikono ya Bénie ikinawa hadi kwenye kiwiko, vile vile alivyomfundisha. Aliketi chini pale penye matope ya maji ya kufulia na kulia kwa sauti, na wapishi wakatoka jikoni kutazama ni nani amefiwa.

"Niliua batoto babili, Hulda. Na mikono yangu hii."

Hulda hakukimbilia kusema hapana, na kwa hilo Mama Agar alimheshimu baadaye. Aliketi naye kwenye matope, suruali yake nzuri na yote.

"Mi nilikuwa naenda kupima tangi ya maji," alisema. "Kama ungenyamaza, ningerudi Beni mikono mitupu, na kila asubuhi ungeendelea kujaza. Ni wewe ulinishika mukono. Nilikuja kukuambia aksanti, mais njiani mwote sikujua nitaanzia wapi."

"Hiyo aksanti uibakishe kwanza," Mama Agar alisema, akijifuta kwa kanga. "Inuka. Tuchemushe maji."

Siku ile ile walimwaga sabuni yote na kuziteketeza chupa zote sita. Ikaja sabuni ya mche, ikakatwa vipande vidogo, ikawekwa kwenye visahani vilivyotobolewa ili maji yachuruzike na kipande kikauke. Tangu hapo hakuna mtoto mwingine aliyepoa mwili. Na Shekinah, siku ya tatu ya dawa mpya, ngozi yake ilirudi kuwa ngozi ya mtu, akapumua bila kukumbushwa. Wodi nzima iliimba wimbo wa shukrani, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kila upande na maneno yake.

Lakini mizani haikuimba. Shekinah alikuwa ameshuka hadi kilo moja na gramu mia moja, na kila asubuhi alipungua tena kidogo. Maziwa ya kopo yalimvimbisha tumbo. Eliane alisema wazi, "Dawa imemaliza kazi yake. Sasa anataka mama yake." Na mama yake alikuwa pale pale kwenye benchi, hatua saba kutoka kitandani, ameikalia mikono.

Daktari alikuwa amewaambia wafanyakazi kwamba ripoti itaandika "chupa za sabuni", basi, haina haja ya kutaja mtu. Familia angeziambia yeye mwenyewe Jumapili, padri akiwapo. Nitasema ukweli: siku nzima Mama Agar aliishukuru ile sentensi. Alipiga deki kulizunguka benchi bila kuinua macho. Angeweza kuendelea hivyo, na hakuna mtu Butembo ambaye angemnyooshea kidole. Ila ilikuwa Jumatano. Alihesabu gramu zilizokuwa zikipotea kila siku, akazihesabu mpaka Jumapili, na hesabu ile ikakataa.

Alhamisi asubuhi alipofika kwenye benchi aliusimamisha ufagio ukutani, akaketi.

"Bénie, binti yangu, niko na neno."

Alimwambia yote. Hakufupisha, hakumtaja daktari wala kanisa lililopika sabuni. Alieleza jinsi alivyoitia maji, jinsi alivyojaza juu ya iliyobaki, na ule utando alioutia kidole. "Nilikufundisha kunawa," alisema, "na ulinawa muzuri kupita bote. Ile kadudu ilikuwa mu sabuni. Ilipita ku mikono yako, ikaingia ku kikombe, ikafika ku mutoto. Mi njo nilikuwa naijaza. Si wewe, Bénie. Ni mimi."

Bénie hakugeuka. Mama Agar alingoja matusi. Alikuwa ameyatayarishia nafasi tangu alfajiri. Alikuwa hata ameamua kwamba akipigwa kofi hatainua mkono. Upande wa pili wa wodi mtoto wa mtu alikohoa, Eliane akamwendea.

"Maziwa?" Bénie aliuliza hatimaye.

"Nasema sabuni."

"Nakuuliza maziwa yangu. Ilikuwa na kitu?"

"Haikuwa na kitu."

"Juu nilikimbia. Juu niliogopa sana, mama."

"Ata ungekimbia mpaka Beni. Woga hauingiaka mu maziwa."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu. Muulize Hulda, muulize daktari. Maziwa yako ilikuwa safi."

Bénie aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na kilio kikamtoka ambacho hakikutoka hata siku walipombeba Éphraïm. Mama Agar hakuthubutu kumgusa. Ni Bénie aliyeupapasa mkono wake, akaupata, akaubana mpaka ukauma.

"Sikuweza ata kumuangalia," alisema alipopata pumzi. "Kila asubuhi nilijiambia, mama gani anaua mutoto wake na chakula. Nilimuomba Mungu anichukue mimi, anibakishie huyu." Alijifuta uso kwa kitenge. "Nitakukasirikia, mama. Sijui siku gani, mais nitakukasirikia sana. Leo, hapana." Kisha akasema kwa lugha ya nyumbani kwao, ile ambayo mtu hushukuru nayo pale Kiswahili kinapomfikisha nusu njia, "Wasingya. Wasingya kutsibu, mama."

Mama Agar hakuwa na pa kuiweka shukrani kubwa namna ile. Alilia tu, wakalia pamoja, na Eliane aliyekuwa amesimama karibu akageuza uso akajifanya anahesabu vidonge.

Kisha Bénie aliinuka. Alinawa kwa kipande cha sabuni, akasuuza, akatikisa mikono ikauke. Alifungua kitenge chake, na Eliane akamlaza Shekinah katikati ya kifua chake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Kwanza mtoto alibaki amejikunja. Baadaye kidogo alianza kusogeza kichwa, macho yamefumba, mdomo ukitafuta. Eliane alikuwa na hofu kwamba maziwa yamekauka, maana siku zilikuwa nyingi. Tone la kwanza lilichelewa. La pili lilikuja haraka, na Shekinah akalilamba.

Nikuambie sasa hivi usije ukakaa roho juu: wiki saba baadaye mtoto huyo alitoka Vulamba na kilo mbili na nusu, mgongoni kwa mama yake, akipiga kelele za kuwasumbua abiria wa gari zima. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hayo. Ilikuwa tone moja, kisha jingine, na Bénie akitetemeka kwa furaha na kwa uchungu wa Éphraïm kwa pamoja.

Mama Agar aliona ameshapewa zaidi ya stahili yake. Akachukua ufagio wake ili awaache.

"Mama Agar," Bénie alimwita, bila kuondoa macho kwa mtoto. "Yule mutoto mwenye alitangulia kufa, mbele ya Éphraïm. Mama yake anaikalaka wapi?"

"Huku huku Vulamba, nyuma ya soko."

"Anajua?"

"Bado. Daktari ataenda Jumapili na padri."

Bénie aliinua uso. Ulikuwa umelowa wote, na kwa mara ya kwanza tangu afike pale ulikuwa uso wa msichana wa miaka ishirini na miwili.

"Jumapili ni mbali. Uende leo, mama. Pengine naye anaikalia mikono."

Mama Agar alivua aproni yake, akaitundika, akamwomba Eliane amtazamie wodi. Kisha akatoka, akashika njia ya soko.